Krismasi Kala Maharage

Mchaga asiyepanda mlimani Desemba hudaiwa maelezo. Watani zetu husema tunakwenda "kuhesabiwa", na mimi hucheka kwa adabu, ingawa wanasema kweli. Sensa ya serikali ilifanyika Agosti 2022. Ya mama yangu hufanyika kila tarehe 25 Desemba, saa saba mchana, Marangu, na karani ni yeye mwenyewe.

Basi mwaka 2023 nikakata tiketi nne mapema, za Ijumaa tarehe 22. Alhamisi jioni mtoto wetu mdogo akafunua tumbo nimkague. Vipele vitatu. Mama yake akasema mbu. Kufika saa sita usiku vilikuwa kumi na tisa, na hata Dar es Salaam hakuna mbu mwenye bidii hiyo. Tetekuwanga.

Asubuhi nikamfuata wakala wa basi nikamwomba anisogezee safari. Akaitazama tiketi, akanitazama mimi, akasema kwa upole wa mtu aliyekwisha kuviuza viti vyangu: "Kaka, tiketi ya Desemba haipandi Januari."

Ikabaki simu ya nyumbani. Mama alisikiliza, akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Kisha akauliza, "Sasa mbege?"

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa kosa langu. Mbuzi ukimwambia asubiri atasubiri, mradi apate majani. Mbege haina subira hiyo. Ndizi zilikuwa zimeshachemshwa na kuachwa siku zake, uji wa ulezi wenye msesewe umeshatiwa, pipa linatoa povu. Siku chache mbele hainyweki. Majirani wakaitwa kuokoa jahazi. Nasikia waliliokoa mpaka usiku wa manane, na mzee mmoja akasimama kumshukuru mjukuu kwa kuugua.

"Lakini mbuzi hachinjwi mpaka mfike," Mama akatangaza.

Tukapanga tarehe 6 Januari, sikukuu ya Epifania. Nilijitetea kwamba hata Mamajusi walichelewa na hakuna aliyewagombeza. Tarehe 4 mtoto mkubwa, aliyekuwa amemcheka mdogo wake wiki mbili nzima kwa yale madoa ya waridi ya kalamaini, akaamka anajikuna. Baadaye nikaambiwa ugonjwa huo huweza kujificha mwilini siku 10 hadi 21 kabla ya kupiga hodi. Ningeambiwa kabla, ningeokoa tiketi nne nyingine.

Tukaangukia Mapinduzi. Tarehe 12 Januari 2024 ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo Alhamisi usiku tukapanda basi. Wenzetu walikuwa wameshashuka mjini kutafuta ada. Sisi ndio kwanza tunapanda. Himo tukachukua Noah ya Marangu. Dereva akatutazama kwenye kioo, mizigo, watoto wenye makovu usoni, akapunguza redio.

"Poleni. Mna msiba?"

"Hapana. Tunakwenda Krismasi."

Hakuuliza tena, na tuliposhuka akakataa nauli ya watoto.

Mama alitupokea mlangoni na gauni la kitenge ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Alilishona kwa ajili ya tarehe 25 na hakulivaa, hata kanisani. Ukutani, tawi la Krismasi lilikuwa limekauka likawa rangi ya ufagio, na puto moja limenywea kama embe lililosahauliwa. Tukaimba wimbo wa Noeli huku redio ya jikoni ikitangaza miaka 60 ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kila tulipofika kiitikio, bendi ya gwaride ilitupoka.

Sasa mbuzi. Kwa siku 21 kila mpita njia aliulizia huyu anafugwa wa nini, akajibiwa ni wa Krismasi, mpaka watoto wa jirani wakamwita hivyo hivyo. Nilianza kuelewa zile simu za Mama za mwanzo wa mwaka. "Krismasi kala maharage ya shangazi yako." "Krismasi kalala nje, nimemwingiza mwenyewe." Mimi nilidhani ni uzee, nikampigia kaka tuzungumze.

Kaka alikuja na kisu kimenolewa. Mama, ambaye tangu nizaliwe sijamwona akipepesa jicho mbele ya ndafu, akasimama mlangoni mwa banda. Akasema mbuzi amekonda. Mbuzi akatoa kichwa nje, shavu limejaa, anatafuna taratibu. Akasema basi amenenepa mno, mafuta si mazuri kwa presha ya kaka. Kaka hana presha.

Tukatuma kijana buchani akaleta kilo nne za mbuzi wa watu wengine, Mama akapika mtori, na wanangu niliodhani watamlilia mnyama wakala sahani tatu tatu bila kuuliza nyama imetoka wapi.

Jumapili asubuhi tukiwa tunapakia mizigo, mtoto wa jirani akaja mbio, pumzi juu.

"Bibi! Pasaka kakata kamba!"