Namna ya Kulala Chali na Kuwinda Vimondo

Anza kwa kuulizia bei ya dagaa. Wavuvi wa dagaa, wa Ziwa Victoria hata wa Unguja, huingia majini wakati wa giza na kupumzika mbalamwezi ikikolea, maana mwezi huzishinda taa zao. Huvishinda na vimondo pia. Dagaa wakifurika sokoni, tandika mkeka. Wakiadimika, lala ndani.

Usiku bora kuliko yote ni wa kuamkia tarehe 14 Desemba. Hapo dunia hukatiza vumbi la Phaethon, jiwe la angani lililogunduliwa mwaka 1983, na vimondo huonekana kama vinachomoka kwenye nyota za Mapacha, zinazopanda upande wa kaskazini. Saa nane za usiku ndizo tamu. Mei nayo ina vumbi la nyota yenye mkia ya Halley, alfajiri ya tarehe 6 hivi, ila masika huwa haijatoka, na mawingu hayaombeki.

Waarifu majirani mapema. Anayekutwa amelala chali uani saa hizo ataitwa mwizi au mchawi kabla hajajieleza. Zima taa ya baraza, vaa sweta, na simu uiache ndani, kabisa! Macho huchukua kama nusu saa kulizoea giza. Ukiichungulia simu mara moja tu, unaanza upya.

Sasa ile mimweko inayozusha ubishi. Ukiuona mmoja, usipige kelele, kwa sababu wote watakugeukia wewe na mbingu zitabaki bila mtazamaji. Tazama palepale, hesabu taratibu. Ukijirudia kila baada ya sekunde chache huku ukisogea, ni satelaiti au mabaki ya roketi yanayobiringika na kurudisha mwanga wa jua. Nuru inayotembea bila kumweka, kisha ikafifia na kupotea katikati ya anga, ni satelaiti iliyoingia kwenye kivuli cha dunia. Umeme wa mbali hauna ngurumo, nao huangaza chini, karibu na upeo. Lakini nukta iliyowaka mara moja, haikusogea, haikurudi? Huenda ni kimondo kilichokuwa kinakujia wewe moja kwa moja: chembe kama punje ya mchanga, imeungua kilomita 100 hivi juu yako. Mimi mmweko huo naupenda kuliko wenye mkia mrefu.

Kimondo kikubwa kikiangaza uwanja mzima, tega sikio dakika kadhaa, maana mngurumo wake bado uko njiani. Andika saa na upande kilikoelekea.

Na ukitamani kukigusa, nenda Mbozi, mkoani Songwe. Kipo kimoja cha chuma, tani zipatazo 16. Desemba 1930 mtaalamu wa miamba alikikereza kwa msumeno wa mkono kwa muda wa saa 10, akaambulia kipande cha sentimita 10 hivi. Msumeno wako uache nyumbani.