Nyaya Wajane: Mwongozo kwa Mwenye Mfuko

Mwongozo huu ni wako wewe unayesema, "Huo usiutupe, una kazi yake." Kazi yenyewe huijui. Hata tundu unamoingia hulijui. Lakini umeushika mkononi, mweusi, mrefu, kichwani una pini zinazong'aa, na mtu aliyelelewa na bibi anayetunza hadi chupa tupu za dawa ya kikohozi hawezi kutupa kitu kinachong'aa.

Hatua ya kwanza: leta mfuko. Usiniambie huna. Upo juu ya kabati, au uvunguni mwa kitanda, au ndani ya lile begi la safari lililoharibika zipu, ambalo nalo usilitupe, lina kazi yake. Wangu ulikuwa wa rambo, na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, piga hesabu mwenyewe nimekuwa nao tangu lini. Nikaumimina kwenye mkeka. Haukumiminika. Kilitoka kitu kimoja tu, kikubwa kama mkungu wa ndizi, na kila nilipovuta waya mmoja nilinyanyua ukoo mzima.

Chagua saa ambayo ndugu hawapo. Ndugu wakikuta nyaya mkekani huja kusaidia, na msaada wao ni kumbukumbu. Shemeji yangu alishika chaja moja akasema, "Shemeji, hii si ile ya simu yangu iliyoibwa daladalani?" Ni yenyewe. Simu imeibwa, chaja imebaki, na tangu dakika ile imekuwa kitu cha ukumbusho. Sasa nani ataitupa?

Utaulizwa pia ni nani aliyezifunga mafundo. Mama watoto ana hakika ni mimi. Hapa sayansi iko upande wako, itumie. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Dorian Raymer na Douglas Smith, walichapisha matokeo ya jaribio la kuweka kamba ndani ya boksi na kulizungusha. Walilirudia mara 3,415. Mafundo yalijifunga yenyewe ndani ya sekunde chache, hakuna mkono wa mtu, na kamba ilivyokuwa ndefu ndivyo ilivyojifunga zaidi; iliyopungua nusu mita ndiyo iliyosalimika. Mwaka uliofuata wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukamfanya mtu afikiri. Nilimsomea mama watoto habari hiyo neno kwa neno. Akauliza kama hao wawili nao kwao kuna mfuko juu ya kabati.

Kufumua hakuna siri. Aliyewahi kumchana binti nywele asubuhi ya shule anajua: huanzii shinani, unaanzia nchani, na ukivuta kwa hasira anayelia si nywele. Tafuta kichwa cha waya, kirudishe kilikotokea, tundu kwa tundu. Usivute. Waya ukivutwa hukaza fundo la jirani yake, na wewe unahitaji ujirani mwema kwa saa tatu zijazo.

Zikishatengana, panga mafungu. Waandishi wengine watakwambia sauti weka na sauti, picha na picha, umeme na umeme. Hao nyaya zao ni sita. Mimi napanga kwa hali ya ndoa. Kila waya uliingia nyumbani kwako umeolewa, ndani ya boksi moja na kifaa chake. Swali ni moja tu: mume yuko wapi? Fungu la kwanza ni la wenye waume hai. La pili ni wajane. La tatu ni wale ambao hakuna anayekumbuka harusi yao.

Fungu la kwanza lilinishangaza kwa uchache. Waya wa ruta, waya wa pasi ya umeme ambao sijui ulifuata nini humo, chaja mbili. Ilitakiwa uwepo na waya wa HDMI wa mita 3, mzima kabisa, lakini uliazimwa siku ya fainali na haujarudi. Nitarudi kwenye hilo.

Wajane ndio umma. Hapo ndipo utakapokutana na waya wa AV, ule wa rangi tatu: njano ya picha, nyeupe ya sauti ya kushoto, nyekundu ya sauti ya kulia. Wenye lugha ya kiufundi huuita RCA, kwa jina la Radio Corporation of America, kampuni iliyoleta pini hiyo kwa ajili ya kuunganisha santuri na redio, wakati Tanganyika ikiwa bado mikononi mwa Waingereza. Umri huo unastahili shikamoo. Mimi nilizikuta 11.

Kumi na moja! Nyumba yenye TV moja. Nilikaa chini nikatafuta chanzo chake. Sabufa ilikuja na mmoja. Deki ilikuja na mmoja, deki ya pili baada ya ile kung'ata CD ikaja na mwingine. Kisha usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, na kila TV ya chogo iliyotaka kuendelea kuona taarifa ya habari ikahitaji king'amuzi, na kila king'amuzi kilileta waya wake. Nimewahi kuwa na ving'amuzi vitatu. Hiyo ni sita. Tano zilizobaki zilitoka wapi?

Zilitoka Kariakoo, na nilizinunua mwenyewe. Mwaka jana mama mkwe alikuja na DVD ya harusi ya mwanawe wa mwisho, akaomba tuitazame pamoja. Deki ikashushwa kutoka stoo, ikafutwa vumbi, ikawaka, jambo ambalo lilitushangaza sote. Waya sasa. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyejiandaa maisha yake yote kwa siku hiyo, "Mama, nyaya zipo, tena nyingi." Nikaupandia ule mfuko. Dakika arobaini baadaye nilikuwa nimevishika vichwa vya njano vinne na sikuweza kupata mkia wa hata kimoja. Mama mkwe akaanza kusinzia kwa adabu. Nikachukua bodaboda, nikanunua waya, nikarudi, tukaitazama harusi, na usiku ule ule waya mpya nikautia mfukoni. Kwa wenzake.

Huo ndio ugonjwa wenyewe, na ndilo jambo pekee la maana katika mwongozo huu, kwa hiyo kama una haraka soma hapa tu. Sote tunaogopa kwamba waya ukitupwa leo utahitajika kesho. Kumbe unaohitajika kesho umo ndani na haupatikani, tunanunua mwingine, na mfuko unanenepa kwa kila tulichoshindwa kukipata humo. Siku ile ya mama mkwe, mtu asiye na waya hata mmoja angekuwa amefika Kariakoo na kurudi wakati mimi bado nafumua.

Kwa faida ya atakayepatwa na kama hayo: fundi wa mtaani kwetu alinifundisha baadaye kwamba rangi ni ya kukusaidia macho tu, pini zenyewe ni sawa. Ukikosa wa njano, wa nyekundu utabeba picha bila kinyongo kwa umbali mfupi. Na TV bapa za siku hizi nyingi hazina matundu matatu. Zina kitundu kimoja cha milimita 3.5 kinachotaka waya wa kichwa kimoja na matawi matatu. Nyaya hizo zinafanana lakini mpangilio wake hautoki sawa kwa kila mtengenezaji, ndiyo maana bwana harusi anaweza kutokea skrini nyeusi huku spika zikinguruma kama mashine ya kusaga.

Wajane wengine niwataje mbiombio. Chaja ya pini nyembamba ya Nokia. Chaja ya kobe, iliyoishi enzi betri zilipokuwa zikitoka ndani ya simu. Watoto wangu waliishika kama watu wa makumbusho wanavyoshika fuvu. Waya wa printa wenye pini 25, mnene kama bomba la gesi. Na waya wa VGA, wa IBM tangu 1987, pini 15 katika safu tatu na skrubu mbili za kukaza kwa vidole. Huyu si mjane kamili. Mume wake yupo, anafanya kazi kwenye kumbi za semina, amening'inia darini, na pini moja ikipinda mgeni rasmi anakuwa wa waridi. Mwache aishi.

Sasa USB. Ilianza mwaka 1996 ili kukomesha vurugu za pini, na matokeo yake ni kwamba mfukoni mwangu kuna vichwa vya USB vya maumbo matano. Lightning ya Apple iliingia mwaka 2012 ikadumu hadi iPhone ya 15 ilipohamia USB-C mwaka 2023. Umoja wa Ulaya nao ukaamuru kwamba tangu Desemba 28, 2024 simu mpya zinazouzwa huko zichaji kwa USB-C. Ungedhani tumepona. Lakini zamani waya mbaya ulijulikana kwa sura. Sasa sura zimekuwa moja na tabia zimebaki mbalimbali. Mmoja unachaji laptopu, mwingine unachaji simu tu tena kwa kusitasita, na mwingine hauna kabisa zile nyaya ndogo za kupitisha data: unaunganisha simu na kompyuta, simu inajaa chaji, picha za msiba hazihami. Jaribu kila mmoja kwa njia hiyo hiyo. Usiopitisha data ufunge kitambaa chekundu, kama mbuzi wa mnadani.

Hatua ya nne haipo. Umeme ulikatika.

Umeme uliporudi nilifika kwenye yale matofali ya umeme, adapta, na hapa naacha mzaha kidogo kwa sababu nimeshaua kifaa. Pini ya adapta kuingia kwenye tundu si ruhusa. Soma maandishi madogo ya mgongoni: volti lazima zilingane na za kifaa, ampea ziwe sawa au zaidi, na kale kamchoro ka duara kenye alama za jumlisha na kutoa kafanane pande zote mbili. Mimi nilichomeka adapta ya laptopu ya volti 19 kwenye ruta ya volti 12. Iliingia kama imezaliwa nayo. Ruta ikawasha taa zote kwa pamoja, jambo ambalo haikuwahi kulifanya hata nilipolipia kifurushi kikubwa, kisha ikanyamaza moja kwa moja. Na kama unachomeka plagi ya pini mbili kwa kutanguliza kalamu kwenye tundu la juu la soketi, angalau iwe ya plastiki. Matundu ya chini yana milango kwa sababu.

Kukunja. Acha kuzungushia waya kwenye kiwiko kama mtu anayekunja kamba ya ng'ombe. Kila mzunguko wa kiwikoni unausokota waya, na shaba ya ndani hukatika karibu na kichwa, ndipo unapoanza maisha ya kuushikilia kwa pembe fulani, usipumue, usikohoe, inachaji. Waangalie mafundi mitambo wa muziki harusi ikiisha saa nane usiku. Mzunguko wa kwanza wanauweka kawaida, wa pili wanaupindua kwa ndani, wa tatu kawaida, hivyo hivyo hadi mwisho, na waya wa mita 20 unarushwa kesho yake ukumbini bila hata fundo. Inahitaji mazoezi ya siku moja na kejeli za watoto kwa wiki. Kufungia, kata tyubu kuukuu ya baiskeli kuwa vipete. Ni bure, haikati waya, na fundi baiskeli atakupa nyingi kuliko unavyohitaji. Zilizobaki usizitie mfukoni.

Kisha andika majina. Kipande cha selotepu ya karatasi, kalamu ya wino, pande zote mbili za waya, kwa kuwa ncha utakayoiona nyuma ya TV ndiyo ile usiyoiandika. Usiandike "AV". Andika "Deki ya mama mkwe". Aina ya waya utaisahau. Mama mkwe humsahau.

Baki na nyaya mbili za kila aina kama kifaa chake bado kipo duniani. Zinazozidi zitoke. Usizichome moto ili upate kopa ya kuuza, kama vijana wengi wanavyofanya majalalani. Ganda la waya likiungua hutoa moshi wa sumu unaobaki vifuani mwao na mwa wapita njia. Ni afadhali fundi redio azipate nzima kuliko mnunuzi wa vyuma chakavu kuzipata zimeungua.

Nyaya zangu za AV zilizozidi ni tisa. Zipo barazani, zimekunjwa vizuri, zina vipete vya tyubu. Mwenye deki hai aje achukue, asibishe hodi. Na wewe jirani uliyeazima waya wangu wa HDMI siku ya fainali, ukasema utaurudisha mapumziko ya kipindi cha kwanza: nimekaa hapa barazani, na TV yako naiona inawaka.