Sosholojia Bila Jasho: Mwongozo kwa Mtoto wa Mwamanyili

Mdogo wangu wa kidato cha sita, sogea hapa tuongee. Unataka kuitwa msomi wa jamii na hutaki kuchoka. Inawezekana kabisa.

Kwanza, jua mlango wa kupitia. Kwenye michepuo ya HGL na HKL sosholojia haimo kwa jina. Imejibanza ndani ya somo la GS (General Studies), na GS haiingii kwenye hesabu ya daraja. Kwa hiyo nyumbani usiitaje GS. Sema "nachukua sosholojia", halafu nyamaza. Watu wataogopa kuuliza.

Pili, kariri majina matatu: Marx, Durkheim, Weber. Vitabu waachie wenye muda. Ukishajua kwamba Durkheim alitoa kitabu kuhusu kujiua mwaka 1897, inatosha. Kilichomo ndani hakuna wa kukuuliza, maana wenzako wote wana desa lile lile. Weber mtamke "Veba" huku umekunja uso.

Tatu, insha zote zina jibu moja: umaskini, ujinga, mila potofu, utandawazi. Swali la ndoa za utotoni, panga hivyohivyo. La rushwa, anza na utandawazi.

Nne ndiyo ngumu: likizo. Ukirudi kwenu Mwamanyili, Usukumani, wazee watakaa jioni kusimulia sungusungu, ulinzi wa jadi wa vijijini. Watakueleza wizi wa ng'ombe ulivyozidi baada ya vita vya Uganda vya 1978–1979, bunduki zilipozagaa. Wasukuma na Wanyamwezi walivyojipanga mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa pinde, mishale na filimbi. Na mkaidi alivyotengwa hadi akakosa hata wa kumsalimia. Usisikilize! Utajikuta umeelewa nguvu ya jamii juu ya mtu mmoja, jambo ambalo Durkheim alilihangaikia maisha yake yote. Tena utakuwa umelielewa bure, kwa Kisukuma, bila kumnukuu mtu. Alama utapewa na nani? Vuta subira mpaka desa limtaje Ray Abrahams wa Cambridge, aliyeandika kuhusu sungusungu mwaka 1987. Hapo ndipo filimbi ya mjomba wako itakuwa elimu.

Ngoma nazo zikwepe. Makundi ya ngoma ya Kisukuma, Bagika na Bagalu, yakianza kushindana kuvuta watu, ingia ndani ukariri maana ya "makundi ya kijamii". Hata kwenye mizani ya pamba usisimame. Mkulima anabishana na karani wa AMCOS, chama cha ushirika, juu ya kilo, na wewe Marx unaye kwenye daftari. Pita haraka wasije wakakutana.

Tano, mtihani wa Mei. Mwandiko uwe mkubwa, aya ziwe nyingi. Swali usilijibu, lizunguke kwa heshima. Ukikwama, andika "kama wanasosholojia wengi wanavyosema". Hakuna mtahini mwenye muda wa kuwahesabu.

Matokeo yakiwa mabaya, kumbuka hatua ya kwanza: GS haihesabiwi. Yakiwa mazuri, usiache kuitaja sosholojia popote utakapokaa.

Na babu akikuuliza unasoma nini huko, mjibu kwa unyenyekevu kwamba unasoma jamii. Akitaka kujua ni jamii ipi, mwambie hilo halimo kwenye mtihani.