Nani Kama Joto la Maskati

Kila mji una chake cha kujivunia, na Maskati wanayo milima, bandari, halwa na barabara zisizo na shimo hata moja. Hivyo vyote vimeshapata wasemaji. Kisichokuwa na msemaji ni joto lake la kuanzia Mei hadi Septemba, ambalo watu wetu wanaohamia huko kutoka Unguja, Mombasa na Dar es Salaam huanza kulitukana wakiwa bado kwenye ngazi za ndege. Nimeona nilisemee mimi.

Kwanza, lina nasaba. Mwaka 1442 alipita pwani hiyo mjumbe wa Kiajemi, Abd al-Razzaq Samarqandi, akiwa safarini kwenda India, na joto likampiga hadi akaugua. Katika kumbukumbu zake alidai kuwa vito vya kwenye mpini wa jambia viligeuka makaa, na kuwa uwindaji ulikuwa kazi rahisi kwa vile jangwa lilijaa paa waliokwisha kuchomeka wenyewe. Wapo wanaosema alitia chumvi. Lakini tarehe 26 Juni 2018, pale Quriyat, mji wa pwani usio mbali na Maskati, kipimajoto kilikaa saa 24 bila kushuka chini ya nyuzi 42.6. Yaani hizo 42.6 ndizo zilizokuwa baridi ya siku ile, na dunia haikuwa na rekodi nyingine ya namna hiyo. Mtu wa Unguja, ambaye Februari ikifika nyuzi 33 huanza kuuliza kama kiama kimekaribia, anapaswa kulivulia kofia joto la daraja hili.

Wanahistoria hutuambia kuwa Seyyid Said, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Unguja kwa sababu ya karafuu na biashara. Sawa. Ila aliyewahi kulala Maskati ya zamani mwezi wa Juni, milima myeusi imeizunguka nyumba, na usiku inautema moto wote iliounywa mchana, hahitaji kuongezewa karafuu ndipo ashawishike. Wazee wa pale walikuwa wakipanda kulala juu ya dari na shuka zilizoloweshwa maji. Wajukuu wao wanalala na blanketi, kiyoyozi kimewekwa 18, na asubuhi wanalalamika mafua. Nani mwingine anayeweza kumpa mtu mafua katikati ya Julai?

Hebu ingia bafuni tuone maajabu yake kwa karibu. Tangi la maji liko juu ya paa, na kufika adhuhuri limeshakuwa sufuria. Kwa hiyo mgeni anafungua mfereji wenye alama ya buluu, wa maji baridi, anaruka nyuma akishika bega. Mwenyeji atamfundisha: majira haya hita inazimwa, na maji yaliyokaa ndani yake, kwa kuwa yako kivulini ndani ya nyumba, ndiyo ya kuogea. Basi unafungua mwekundu kupata ya baridi na buluu kupata ya moto. Mtu akishalizoea hilo hakuna jambo la ugenini litakalomtisha tena. Ukitoka nje, miwani inapata ukungu papo hapo, unasimama mlangoni kama kipofu ukisubiri ulimwengu urudi. Ukifika kwenye gari, usukani unashikwa kwa ncha za vidole na kile chuma cha mkanda hakishikwi kabisa.

Sifa moja sitalipa: kwamba halibagui. Kwa sheria ya Oman, kuanzia Juni hadi Agosti kazi za ujenzi za nje husimamishwa kati ya saa sita u nusu mchana na saa tisa u nusu. Ina maana saa sita na robo kuna mtu bado yuko juu ya jukwaa na zege mkononi. Mimi nalisifu joto nikiwa upande wa ndani wa kioo. Yule hajaulizwa, na akiulizwa sidhani kama atakuwa na muda wa kutunga sifa.

Turudi kwenye fadhila zake, hasa ile kubwa, ya kubeba lawama. Mhamiaji ana mengi asiyoweza kuyasema kwenye simu. Hawezi kumwambia mama yake kwamba Ijumaa alikula pilau peke yake mbele ya televisheni, wala kwamba jirani wa mlango wa pili, mwaka sasa, hajui hata anaitwa nani. Akiulizwa "Vipi huko, mwanangu?" anavuta pumzi na kusema, "Joto, mama. Joto limenishinda." Na mama, ambaye ameelewa kila kitu, anajibu, "Pole baba, unywe maji." Mazungumzo yameisha na hakuna aliyelia. Kitambi alichoota tangu ahamie? Joto, maana nani atembee kwa miguu? Harusi ya binamu asiyoitaka kwenda? Joto. Mashairi aliyoahidi kuyaandika akipata utulivu? Ubongo umeyeyuka. Kule kwetu, hewa nzuri namna ile, uvivu wa mtu hubaki kuwa wake mwenyewe.

Watakuja wenye kulinganisha waniambie kuhusu baraza. Ni kweli, nyumbani unaketi nje alasiri, upepo wa kusi unavuma, na kufika magharibi umeshapata habari za mtaa mzima bila kutoa hata shilingi. Maskati saa nane mchana huoni mtu njiani isipokuwa paka chini ya gari. Umeme ukikatika kwetu, watu hutoka nje wakazungumze. Ukikatika kule mwezi wa Julai, mtu huingia ndani ya gari lake, huwasha injini na kukaa humo na wanawe kama abiria wasio na safari. Lakini angalia joto limefanya nini na usiku. Baada ya isha ndipo mji unapoamka: familia zinajazana kando ya bahari pale Mutrah, vijana wanacheza mpira chini ya taa, na saa tano watoto wadogo bado wako kwenye bembea. Kwetu mtoto akionekana nje saa hizo huulizwa ni wa nani.

Na tende je? Hakuna kiyoyozi kitakachoivisha tende. Ni moto huo huo unaotukanwa ndio unaoleta naghal mwanzoni mwa msimu, kisha khalas, laini na yenye rangi ya asali, inayoliwa mbichi na kikombe cha kahwa. Wanaokula huwa wanamlaani mpishi huku wanaongeza sahani.

Mvua nayo imepata heshima yake kule. Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na masika ikianza tunaikunjia uso kwa sababu nguo hazikauki na vichochoro vimejaa tope. Maskati hupata kama 100. Zikidondoka, watu hupakia chai na watoto ndani ya gari kwenda kutazama wadi, yaani korongo kavu, likitiririka, polisi wakiwakataza nao wakiwapungia mkono.

Kisha inakuja Desemba, nyuzi 25 mchana, hewa safi, na mazungumzo yanakufa. Watu waliokuwa na la kusema miezi mitano mfululizo wanabaki kuulizana habari za kazi. Wanavaa sweta, wanachoma mishkaki, wanatazamana.

Ndiyo maana siwaelewi wanaolikimbia joto lenyewe katikati ya msimu. Kila Julai na Agosti, wakati wa kharifu, misafara huelekea Salalah, kilomita 1,000 kusini, ambako ukungu na manyunyu ya monsuni huigeuza milima kuwa kijani. Huko kuna minazi, migomba na mipapai kando ya barabara, na vibanda vya kuuza madafu. Watu waliozaliwa chini ya minazi, ambao babu zao waliwatuma kuangua nazi wakanuna, hukata jangwa kutwa nzima kwenda kupigwa picha na mnazi. Siku ya kwanza wanalia kwa furaha: kama nyumbani, wallahi, kama nyumbani! Siku ya pili ni tope kwenye viatu, nzi, foleni ya magari ndani ya ukungu, na nguo hazikauki, kama nyumbani. Hapo mmoja wao atatoa simu aangalie Maskati ni ngapi leo. "Arubaini na sita!" atatangaza, na gari zima litashangilia.