Namna ya Kuuiba Utafiti Bila Kushikwa

Mwalimu mkuu wa Mkongani, Kwale, funga mlango wa ofisi uje karibu. Leo nakufundisha wizi. Ni wizi wa halali, hauna kesi wala faini, na mali yenyewe ilichumwa kwenu.

1. Iba karibu na nyumbani. Ukiwaambia walimu wako kwamba huko Ufini wanafanya hivi na hivi, watakuitikia kwa adabu kisha warudi darasani kufanya yale yale. Waambie ilifanyika hapa hapa Kwale, pwani ya Kenya. Kati ya 2010 na 2012, watafiti walifanya kazi na shule za msingi za serikali 101, katika wilaya za wakati huo za Kwale na Msambweni. Shule 51 zilichaguliwa kwa kura, na walimu wa madarasa ya chini wakapewa mafunzo, mipango ya masomo iliyokwisha andikwa, na ujumbe wa simu kila wiki. Zile 50 nyingine ziliachwa ziendelee kama kawaida. Kufikia mwisho wa darasa la pili, watoto wa zile 51 walikuwa wanasoma vizuri zaidi. Tena walioacha shule walikuwa asilimia 2.1, na kwa wenzao 5.3. Hayo hakuna mzazi wa Mkongani atakayekwambia ni mambo ya Wazungu.

2. Usisome yote. Kurasa za takwimu ziruke bila haya. Wewe tafuta jambo moja: mwalimu alifanya nini darasani ambacho zamani hakukifanya? Katika utafiti huu jibu liko wazi. Watoto walikutana na maandishi mara nyingi zaidi.

Basi kesho ingia darasa la kwanza, ukae nyuma. Mwalimu atatamka "baba", na darasa zima litaitikia "babaa!" mpaka bati litikisike. Utapendezwa, na mimi ningependezwa. Sasa watazame macho. Wangapi wanaangalia herufi? Yule wa dirishani anapiga kelele kuwashinda wote, na huku anamfuata kwa macho mbuzi aliyeingia uwanjani. Neno amelishika kwa masikio, hajaliona bado. Mpe kitabu, mwambie aweke kidole chini ya "ba" ya kwanza aitamke, kisha asogeze kidole kwenye ya pili. Atasita. Msubiri. Kusita huko ndiko kusoma kunakoanza, na mwalimu anayeitikiwa na kwaya ya darasa zima hapati nafasi ya kuona kusita huko.

3. Ukate utafiti mpaka uenee kwenye ujumbe mmoja wa simu. Semina ya Kwale mjini huisha na chai yake, lakini ujumbe wa Jumapili usiku unalala na mwalimu. Mwandikie: "Kesho kila mtoto aguse herufi anayoitamka. Saa nne nitapita." Kisha pita kweli. Usipopita mara mbili, walimu watakuwa wamekujua.

4. Gawa sifa. Najua unatamani wazo liitwe lako. Naibu wako naye anatamani, na mwenyekiti wa bodi ndiye zaidi. Waachie. Naibu alitangaze kwenye chumba cha walimu. Mwenyekiti asimame kwenye mkutano wa wazazi aseme "tulikaa tukaamua", nawe upige makofi. Siku Tume ya Kuwaajiri Walimu itakapokuhamisha, na itakuhamisha, wazo lenye baba watatu litabaki Mkongani.

5. Iba na kilichoshindikana. Hapa wengi huzembea. Katika shule hizo hizo 101, kuna ambazo watoto walipimwa malaria kila muhula na waliokutwa nayo wakatibiwa. Baada ya miezi 24, upungufu wa damu haukuwa umepungua kuliko kwa wenzao ambao hawakupimwa hivyo, na umakini wa watoto haukuongezeka. Matokeo yalichapishwa 2014. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati leo leo, hilo halina mjadala. Lakini mpango uliopendeza na kusimamiwa vizuri ulijaribiwa kwa uaminifu, ukaonekana hauleti kilichotarajiwa, na waliouandaa wakasema hivyo hadharani. Nawaheshimu sana kwa hilo. Kwa hiyo mfadhili akiteremka garini na mradi wake unaong'aa, mkaribishe vizuri, kisha muulize: umejaribiwa wapi, na shule zisizokuwa nao zilipata nini? Ukiuliza hivyo kwa upole, na karatasi mkononi, hata ofisa wa elimu aliyefuatana naye atakaa sawa kitini.

6. Toza kodi. Watafiti watarudi, maana Kwale wanaipenda. Wakija na fomu za idhini wape kiti, wape dafu, wape na sharti: matokeo yaje kwenye ukurasa mmoja wa Kiswahili, yasomwe mbele ya wazazi chini ya mwembe, na awepo mtu wa kuyafafanua kwa Kidigo na Kiduruma. Wazazi wametoa watoto wao na wakati wao, walimu wamejibu maswali mpaka koo zikakauka, na ni haki yao kuambiwa kilichopatikana.

Mtafiti atakwambia ratiba imembana. Mwambie siku hiyo kutakuwa na mpiga picha, na kwamba picha yake akiwasomea wazazi anaweza kuiweka kwenye ripoti. Atakuja.