Redio Yako, Wimbo Si Wako

Miongoni mwa mambo ambayo mwungwana hapendi kuyashuhudia hali kichwa chake kimenyolewa upande mmoja tu, la kwanza ni mabishano baina ya kinyozi aliyeshika wembe na mkaguzi aliyeshika daftari. Na hilo ndilo lililonifika Mombasa, jioni ya Alhamisi, ilhali kesho yake baada ya sala ya Ijumaa nilikuwa nimealikwa kwenye akdi ya nikahi.

Mkaguzi, kijana mwenye adabu zake, alipiga hodi, akamwamkia mzee shikamoo, kisha akauliza iko wapi leseni ya muziki. Kinyozi akamwonyesha leseni ya biashara iliyotundikwa kando ya kioo, na alipoona haitoshi, akafungua kopo la poda na kutoa humo risiti ya redio, iliyokunjwa hata ikawa kama hirizi.

"Hii nimeinunua kwa jasho langu, mwanangu."

"Redio ni yako, mzee," kijana akajibu, "lakini wimbo si wako."

Akafafanua, kwa taratibu, kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, wimbo mmoja una wenyewe zaidi ya mmoja: yuko mtunzi, yuko mwimbaji, na yuko aliyegharimia kuurekodi, na kwamba ukiusikiliza nyumbani kwako hapana anayekudai, bali ukiufungulia dukani mbele ya wateja, ujapokuwa watoka redioni, umekwisha kuuweka mbele ya hadhara, na hadhara ina ada yake.

"Hadhara ipi?" mzee akahamaki, akinielekezea wembe. "Hadhara yenyewe ni huyu mmoja, naye ni nusu!"

Insafu yanilazimu kusema kuwa madai hayo si ya jana. Mwaka 1847, mjini Paris, mtunzi Ernest Bourget na wenzake waliketi mkahawani, wakasikia kazi zao zikipigwa, na walipodaiwa thamani ya vinywaji wakakataa katakata kulipa, maadamu mwenye mkahawa naye hakuwalipa wao. Shauri likafika mahakamani, watunzi wakapewa haki yao, na mwaka 1851 ikaasisiwa SACEM, jumuiya ya kuwakusanyia wanamuziki ada zao, ambayo ingali hai hata leo. Kisa hicho nilikisimulia pale pale kwa nia njema ya kusuluhisha. Lakini mzee alishika jambo moja tu, lile la mteja kukataa kulipa, akanitazama kwa jicho la shaka.

Hatimaye akazima redio, akaapa kwamba ataimba mwenyewe, na papo hapo akaanza taarabu ya zamani kwa sauti iliyowatoa jirani vibarazani. Mkaguzi akafunga daftari, akasema kuwa hata kuimba mbele ya wateja kwahitaji idhini ya mtunzi. Ila kwa sauti ile, akaongeza huku akirudi kinyumenyume barabarani, huenda mtunzi akadai fidia badala ya ada.

Leseni ikalipiwa wiki ile ile, na waliochanga ni sisi wateja.