Chombo cha Maua Kilichozima Nyumba Nzima

Kabla Soko la Kariakoo halijaungua usiku wa 10 Julai 2021, mwanangu aliyapenda mapaa yake kuliko kitu chochote kilichouzwa chini yake. Msanifu Beda Amuli aliyasimamisha juu ya nguzo za zege: chini pembamba, juu panatanuka kuelekea mbinguni, mvua inaingia na kuteremka kwa ndani. Soko lilifunguliwa mwaka 1975, na sisi tunaokaa mitaa ya jirani tulishalizoea hata hatulitazami. Mtoto alilitazama. Basi mwalimu wa Stadi za Kazi alipoandika ubaoni kwamba kila mwanafunzi abuni na kutengeneza chombo cha maua kwa vitu vinavyopatikana katika mazingira yake, yeye alikuwa na jibu tayari. Alichora paa la soko.

Kaka yangu, mjomba wake, alitaka kuyamaliza mambo mapema. Nje tu hapo wamachinga wamepanga vyombo vya plastiki na mawaridi ya kitambaa yasiyonyauka. Kwa nini mtoto ahangaike? Mama yangu alikataa katakata. Alikuwa shuleni miaka ile Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, akalima shamba la shule na kushona vitambaa vya meza kwa mkono wake. "Mume wangu ameambiwa atengeneze," alisema, maana ndivyo anavyomwita mjukuu wake. "Hakuambiwa anunue."

Mchoro ukapelekwa mtaa wa jirani wa Gerezani, kwa mafundi bati. Fundi mmoja mzee aliitikia shikamoo ya mtoto, akautazama ule mchoro, akakata kopo la maziwa ya unga, akakunja pia yenye mdomo mpana, akaisimamisha juu ya kigingi chembamba chenye kisahani kidogo chini, na maungio yote akayatia lehemu. Kazi safi, haikuvuja hata tone. Ila mtoto alikuwa amesimama pembeni tu akitazama.

Lazima nieleze nyumba yetu ilivyo, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Ni nyumba ya Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma, na umeme wa wote unapita kwenye LUKU moja. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Ramadhani. Mpangaji wa chumba cha mbele ana cherehani ya umeme, na madera ya watu ya Idi yalikuwa yamemjaa hadi kitandani. Mpangaji wa chumba cha uani alikuwa akipiga pasi sare za watoto. Sisi tulikuwa tumeketi sebuleni baada ya kufuturu. Chombo kilikuwa juu ya kabati, kimejazwa maji, na mawaridi ya mama yangu, anayoyaotesha uani kwenye makopo ya rangi, yamechomekwa humo. Kilipendeza kweli.

Mjomba akaifungulia feni. Ilipogeuza uso upande wa kabati, mawaridi yaliinama, chombo kikayafuata, maji yote yakamwagikia ekstensheni ya televisheni. Mlio mmoja, cheche, halafu giza. Meinswichi ilikuwa imekata, na cherehani ya mbele ikanyamaza katikati ya mshono.

Alhamdulillahi, hakuna aliyeguswa na umeme. Lakini ukumbi ulijaa watu na tochi za simu, na kila mmoja na mshtakiwa wake. Mpangaji wa mbele alimlaumu mjomba na feni yake. Mjomba akamlaumu fundi. Wa uani alitaka kujua nani atamlipia sare iliyoungua alipoiacha pasi juu yake gizani, na swali lake lilikuwa la haki. Tuliomba radhi chumba kwa chumba, tukaikausha ekstensheni kisha tukaitupa, maana iliyoingia maji si ya kuaminiwa tena. Umeme uliporudi, mama yangu alikaa na mshonaji hadi usiku wa manane akimsaidia kupinda madera.

Mtoto hakuwa na habari na kesi ya ukumbini. Alikuwa amekiokota chombo chake, akakijaribu kikavu: kimesimama. Akakitia maji nusu: kinayumba. Akajaza: ukikigusa tu, chini. Chanzo kilikuwa kwenye umbo lenyewe. Maji yakijaa ndani ya pia iliyosimama kwa ncha, kitovu cha uzito wake hukaa robo tatu ya kimo chake kutoka chini; kadiri unavyojaza, ndivyo uzito unavyopanda juu ya mguu mwembamba. Paa la Amuli halianguki kwa sababu nguzo yake imeshikwa na msingi ulio ardhini. Chombo cha kabatini kinategemea kitako chake tu.

Hapo mama yangu akafungua sanduku akatoa mrashi, ule wa shaba unaotembezwa kwenye harusi na maulidi kuwanyunyizia wageni marashi. Tumbo pana, mguu uliotanuka, shingo ndefu nyembamba. Akautia maji, akausukuma kwa kidole, ukayumba, ukarudi. "Maji yamelala wapi?" alimuuliza mjukuu wake. Mtoto akashika tumbo la mrashi. Wafua shaba waliolibuni umbo lile walilijua jibu zamani sana.

Safari hii Gerezani alikwenda na mchoro mwingine, na fundi alikuwa seremala. Kipande cha mninga, salio la kitanda cha mtu, kizito na kipana. Seremala alikibana kwenye jiriwa, akampa mtoto keke ya mkono, akasema zungusha taratibu na usiegemee. Tundu la kwanza lilikwenda mshazari na kutokeza ubavuni. Akapewa kipande kingine. La pili lilinyooka, likaingia kichupa kirefu cha marashi ya mawaridi kutoka Oman, ambacho mama yangu alikubali kukimalizia ili kipate kazi. Kichupa kilihitajika, kwani mbao ikikaa na maji hufura na kupasuka. Msasa, vanishi, basi. Feni ilifunguliwa tena, ekstensheni ikiwa imewekwa mbali. Chombo hakikutikisika.

Shuleni kilipata alama za katikati. Za juu zilikwenda kwa vyombo vinavyong'aa, na baadhi yake nilivitambua: vimetoka kwenye meza zilezile za wamachinga. Sikuona haki pale, ingawa darasa lilikuwa limefurika na mwalimu alikuwa mmoja.

Tangu Januari 2024 baadhi ya sekondari zetu zina mkondo wa amali, yaani wa stadi za kazi, na nimeufurahia kwa moyo wote. Kwa hiyo nawaomba walimu: kabla hamjaandika alama, mwambieni mtoto aeleze kwa nini kitako cha chombo chake kiko vile kilivyo. Aliyenunua hatakuwa na la kusema. Na wazazi wenzangu, Gerezani si mbali. Mpelekeni mtoto kwa fundi, mlipeni fundi muda wake, na keke aishike mtoto mwenyewe.